Nimepungua bila brokoli: ratiba ya msosi iliyonikubali hapa Dar

Kila wiki kuna mtu ananivuta pembeni kuniuliza nilitumia dawa gani, nikimwambia sijatumia dawa anaona namnyima, anaondoka amenuna. Basi leo naandika yote kwa kirefu, na hela zilizopotea nazitaja, maana najua wengine mko pale pale nilipokuwa mimi na mnakaribia kutoa mpunga kwa watu wasiojua hata jiko lenu likoje.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kimara, kazi yangu ni ya kukaa kwenye kiti huko Posta toka asubuhi mpaka jioni. Nilikuwa na kilo 89 na urefu wangu ni mita 1.60. Kusema kweli sikuwa najiona mnene kivile, huku kwetu ukinenepa unaambiwa umenawiri, ndoa imekukubali, mpaka nilipoenda kupima presha kwa sababu kichwa kilikuwa kinauma kila jioni, nesi akapima, akaangalia mashine, akaniambia mama kaa pale upumzike kwanza tutarudia. Aliporudia ilikuwa ileile. Daktari akachukua kilo zangu akagawanya kwa urefu mara urefu, ikaja 34.8, akasema kuanzia 25 ni uzito uliozidi na kuanzia 30 kwenda juu ndo unene wenyewe. Akanianzishia kidonge cha presha. Ila alisema jambo moja lililonipa nguvu, kwamba hana haja nifike kilo 60, nikishusha asilimia 5 mpaka 10 tu ya uzito nilionao, presha na sukari vinaanza kukaa vizuri. Asilimia 5 yangu ni kilo nne na nusu. Hapo nikaona mbona hii inawezekana.

Shoga yangu wa ofisini akaniunganisha na mtu anauza ratiba za kupungua mtandaoni. Nikalipa elfu thelathini nikatumiwa PDF nzuri ina picha. Sasa soma yaliyomo: asubuhi oti na bluberi, saa nne lozi kumi, mchana samoni na kwinoa, jioni brokoli na kifua cha kuku kilichochomwa kwenye oveni. Jamani oveni! Mimi nina jiko la gesi plate mbili na jiko la mkaa nje kwa ajili ya maharage. Nikaenda supamaketi moja ya upande wa Masaki, kikapu hakijajaa hata nusu nikatoa zaidi ya laki na ishirini, na kile kikopo cha bluberi ukikifungua zinaisha kabla hujakaa vizuri. Juu yake huyohuyo muuzaji akaniuzia na chai ya kutoa sumu mwilini, elfu arobaini na tano. Ile chai ilinipeleka chooni usiku kucha. Baadae ndo nikaja kuambiwa chai nyingi za namna ile zinawekwa sena, ambayo ni dawa ya kufungua choo, unapoteza maji, mafuta yako unabaki nayo yote.

Na kweli wiki ya kwanza nilishuka kilo karibu tatu nikafurahi nikaanza kujipiga picha. Kumbe ukikata wanga ghafla mwili unatumia akiba yake ya sukari iliyoko kwenye ini na misuli, na akiba ile imeshikana na maji, kila gramu moja inakaa na maji kama gramu tatu, kwa hiyo kinachotoka mwanzo kingi ni maji. Nikirudi kula kawaida siku mbili mizani inarudi. Ikafika asubuhi moja nimesimama kwenye basi la mwendokasi, watu tumebanana, nikaona giza, mkaka mmoja Mungu ambariki akanipa siti na mwenzake akanipa pipi. Nikaila. Kwenye ratiba ilikuwa imeandikwa sukari marufuku.

Lakini kilichoiua ile ratiba hata sio njaa wala hela, ni sufuria mbili. Ile ratiba ilitaka nipike changu peke yangu na familia chao. Fikiria umetoka Posta saa kumi na moja, umefika nyumbani saa moja kasoro, dada wa kazi ameshapika wali wa nazi na mbaazi, harufu mpaka getini, halafu wewe uingie jikoni uanze kuchemsha kuku wako mweupe. Unachemsha leo, unachemsha kesho, keshokutwa unajikuta umesimama jikoni usiku unakomba ukoko kwenye sufuria la watoto. Kama ratiba inakutaka upike tofauti na nyumba yako, hiyo ratiba ina siku zake za kuishi, hata iwe imeandikwa na profesa.

Nilirudi kliniki ya presha, safari hii wakanipeleka kwa afisa lishe. Dada mdogo tu, nikadhani nae atanipa karatasi ya brokoli. Akaniuliza, "Dada, kwenu dumu la mafuta la lita tano linakaa muda gani?" Nikamwambia kama wiki tatu hivi. "Mko wangapi?" Sita: mimi, mume wangu, mama mkwe, watoto wawili na dada wa kazi. Akachukua kalamu. Lita tano gawa kwa watu sita gawa kwa siku ishirini na moja, inakuja kama mililita 40 kwa kila kichwa kila siku, yaani vijiko vikubwa vya chakula viwili na nusu na zaidi, na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kalori kama 120. Kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa anakula kalori mia tatu na ushee za mafuta ambazo wala hazionekani kwenye sahani, na hapo watoto wanakula kidogo kwa hiyo za kwangu ni zaidi, na bado hatujahesabu chapati ya asubuhi ya kituoni na chipsi za ofisini. Na mimi muda wote huo nilikuwa naugombeza ugali!

Nikamuuliza basi nihamie alizeti? Akacheka. Alizeti ya Singida ni nzuri kwa moyo kuliko mafuta yale yanayoganda, lakini kwa kalori mafuta ni mafuta, gramu moja ni kalori tisa, wakati gramu ya wanga au protini ni nne.

Basi nilipofika nyumbani nikachukua maka peni nikachora mistari kwenye dumu, mistari sita, nikaandika wiki ya kwanza mpaka ya sita, nikamwambia dada mafuta yasivuke mstari kabla ya Jumapili. Wiki ya kwanza yalivuka Alhamisi. Tulibishana sana jikoni, yeye amezoea kumimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu, unasikia gluk gluk gluk, kitunguu kinaogelea. Kilichosaidia ni kuweka mafuta ya siku kwenye kichupa kidogo na kijiko juu yake. Kitunguu kinakaangwa kwa kijiko kimoja kwa sufuria nzima, kikianza kushika chini unaongeza maji kidogo badala ya mafuta, nyanya inaingia, unafunika iive kwa mvuke wake. Dagaa tunawakausha kwenye kikaango kitupu kwanza mpaka walie, ndo waingie kwenye rosti. Samaki chukuchuku kwa ndimu na tangawizi badala ya kukaanga. Chapati zimebaki Jumapili. Mbaazi za nazi hatujaacha, nani aache, ila tunatumia tui la pili, lile jepesi, na la kwanza zito linaingia kidogo tu mwishoni la kunukisha. Sasa hivi dumu linatufikisha wiki sita na wakati mwingine linavuka, na kwa bei ya mafuta ilivyo hiyo peke yake imeniokolea hela kuliko kitu kingine chochote.

Kwenye vipimo, nilinunua mizani ya jikoni Kariakoo nikaitumia siku chache ikanichosha, sasa hivi watoto wanapimia udongo. Ninachotumia ni mkono. Wanga, awe ugali, wali, ndizi, viazi, ukubwa wa ngumi yangu iliyofungwa. Nyama, samaki au kuku, ukubwa na unene wa kiganja bila vidole. Mboga za majani, viganja viwili vilivyokusanywa, na ukitaka zidi, hakuna aliyenenepa kwa mchicha labda mafuta ya kwenye mchicha. Ukiangalia sahani, nusu inakuwa mboga, robo wanga, robo kitoweo. Maharage, kunde, choroko na dengu naviweka upande wa kitoweo siku ambayo hamna nyama, ila najua vina wanga pia, kwa hiyo siku ya maharage ngumi ya ugali inakuwa ndogo.

Tatizo ni sinia. Kwetu jioni tunakula sinia moja, mkono kwa mkono, na kwenye sinia huwezi kujua umekula kiasi gani, unamega tu na maongezi yanaendelea. Nilipoanza kujipakulia kwenye sahani yangu mama mkwe alikasirika kimya kimya. Akaniita chumbani, "Mwanangu, kuna ugomvi gani humu ndani mpaka ujitenge na chakula?" Nikamweleza habari za presha, akasema haya, lakini nikaona haijaingia. Tukaja kupatana hivi: nakaa palepale kwenye mkeka na wenzangu, sahani yangu iko mbele yangu, na mboga nakula ya kwenye sinia pamoja nao. Hilo la mkeka lilikuwa muhimu kuliko nilivyodhani.

Sasa mbadala, hapa ndo wengi mnauliza. Badala ya samoni mimi nakula kibua. Ofisi iko Posta, soko la samaki la Feri ni kutembea tu, kibua ni samaki mwenye mafuta yale mazuri ya omega tatu na bei yake inaeleweka, wasiwasi ni kumsafirisha kwenye mwendokasi mpaka Kimara bila watu kukuangalia vibaya, mwambie muuzaji amtoe matumbo, funga mifuko miwili, weka na barafu. Dagaa nao wana kalsiamu maana unawala na mifupa. Badala ya brokoli kuna matembele, mchicha, mnafu, chainizi, figiri, bamia, fungu la mia tano tatu linatosha nyumba nzima. Bluberi nimebadilisha na papai na mapera, pera lina vitamini C kulishinda chungwa, na ule kokwa zake ndo nyuzinyuzi hizo. Ule mtindi mzito wa kizungu ni mtindi uliochujwa tu, namimina mtindi wa kawaida usio na sukari kwenye kitambaa safi, naning'iniza ndani ya friji juu ya bakuli, asubuhi maji yametoka umebaki mzito unasimama kwenye kijiko. Oti nilibadilisha na kiazi kitamu au gimbi la kuchemsha na yai, au uji wa ulezi, ila uji nao uangalie, uji ukitiwa sukari vijiko vinne na siagi ya karanga umeshakuwa kitu kingine.

Dona nala badala ya sembe kwa sababu linanishibisha mapema, nyuzinyuzi zipo. Lakini msidanganyike kwamba dona halinenepeshi, kalori zake na sembe ni karibu sawa, ngumi ni ngumi.

Na vitu vya asili navyo vina mtego wake. Nilikuwa nikiona njaa ofisini nafungua karanga za mia tano, moja, mbili, nikijua ni afya. Karanga gramu mia ni kalori zaidi ya mia tano. Asali vilevile, kijiko kikubwa cha asali kina kalori nyingi kuliko kijiko kama hicho cha sukari maana ni nzito. Parachichi nala robo, sio lote kwenye juisi na maziwa na sukari kama inavyouzwa.

Chai ndo ilinitesa kuliko ugali. Nilikuwa na vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya kujaa, na soda mchana. Soda nyingi zina sukari kama gramu kumi kwa kila mililita mia, soma nyuma ya chupa utaona, kwa hiyo chupa ya mililita 350 ni vijiko vya chai nane mpaka tisa. Kuacha ghafla kulinipa hasira, nilimgombeza mpaka mlinzi wa ofisini. Nikaanza kupunguza nusu kijiko kila wiki, huku naongeza tangawizi, mchaichai na mdalasini ili kikombe kiwe na ladha. Sasa chai ya mtu mwingine ninaiona tamu mpaka inakera.

Mchana nakula kwa mama lishe, na nawaambia ukweli pale ni rahisi kuliko mgahawa wowote, kwa sababu maharage yapo, mchicha upo, samaki yupo. Siku ya kwanza nikamwambia, "Mama, nipunguzie wali nusu, niongezee mboga, hela ileile." Akaniangalia, "Mwanangu, mambo hayajakaa sawa? Kula tu utalipa kesho." Ikabidi nimweleze. Sasa akiniona natokea kwenye kona anaanza kupakua mwenyewe, na wateja wake wengine wenye sukari nao anawapakulia hivyohivyo. Mchuzi anaweka pembeni kwenye kibakuli, maana mchuzi wa juu ya wali ndo unabeba mafuta.

Kutembea natembea, nashuka kituo kimoja kabla asubuhi na Jumamosi natembea na mume wangu kabla jua halijawa kali, dakika 150 kwa wiki ndo inayoshauriwa. Ila bila kugusa sahani kutembea peke yake hakukunipunguza kitu.

Maneno ya watu sasa. Mkiambiwa mtapungua hamuambiwi mtasemwa. Kuanzia kilo 80 kushuka chini nilianza kusikia "umechoka", "una mawazo?", "mume kaanza mambo?" na mmoja kabisa, mtu mzima, akaniambia nikapime. Nililia siku hiyo. Hapa kwetu mtu akipungua lazima kuna ugonjwa au kuna mgogoro, hakuna anayedhani mtu kaamua tu. Mume wangu akawa anajibu yeye, "Nimempunguza mwenyewe, boda zinakataa kutubeba wawili." Ukiwa na mtu nyumbani wa kukujibia utafika. Na jiandae na gharama ya fundi, magauni yote ya kitenge yalirudi kupunguzwa, mengine yalikatwa hadi mtindo ukapotea.

Kuna kipindi mizani iligoma kabisa, miezi karibu miwili kwenye 78. Mwili ukiwa mdogo unahitaji chakula kidogo kuliko ulipokuwa mkubwa, kwa hiyo sahani iliyokupunguza ukiwa na 89 inaweza isikupunguze ukiwa na 78. Nilipunguza wanga wa jioni kidogo tu, ikaanza tena, taratibu, na kuna wiki inapanda kwa sababu ya siku zangu au chumvi, ndo maana napima mara moja kwa wiki, Ijumaa asubuhi, kabla ya chai. Ramadhani nayo ilinirudisha kilo mbili na nusu na nimefunga mwezi mzima! Mihogo ya nazi, magimbi, tambi za sukari, sambusa, kaimati, vyote magharibi moja. Mwaka uliofuata nilifungua kwa tende na supu, nikaswali, ndo nikarudi kwenye sahani, ile nafasi ya katikati inapunguza papara. Sasa hivi, mwaka na ushee umepita, nina 73, presha inacheza kwenye 120 na kitu kwa 80, kidonge daktari amekipunguza yeye, sio mimi.

Hilo la dawa nalisisitiza kwa sababu ya mama mkwe. Yeye ana kisukari na anameza vidonge. Alipoona nimepungua na presha imeshuka akaamua nae afanye, bila kutuambia, akawa anaruka chakula cha jioni lakini kidonge anameza. Usiku mmoja dada wa kazi akasikia anaongea ovyo, tukamkuta anatetemeka, jasho limelowesha kanga. Baadhi ya vidonge vya sukari, na insulini, vinaendelea kushusha sukari hata kama hujala. Tukamnywesha maji yenye sukari vijiko vitatu vinne, akazinduka, tukampeleka hospitali usiku huohuo. Kwa hiyo mwenye dawa za sukari, mjamzito, anayenyonyesha, ngumi na viganja vyangu visikuhusu mpaka ukae na watu wa kliniki yako.

Mama mkwe sasa nae ana sahani yake pale kwenye mkeka, anakula kwa saa, na ndo amekuwa mlinzi wa dumu, dada akimimina bila kijiko anaitwa jina lake lote. Kliniki yake ni wiki ijayo na nimeomba ruhusa kazini niende nae, maana ugali amekubali kupunguza lakini mihogo anasema haina sukari kwa kuwa haijatiwa sukari, na mimi nimeshindwa kumtoa hapo.